Marudio katika Damu ya Kilifi

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Gilgil, alirejea Kenya pamoja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja kuchunguza Mlima Kenya. Yeye alishughulika na damu za watu. Alipopima damu ya wakaazi wa sehemu mbalimbali za nchi aliona tofauti ambayo haikufuata lugha wala kabila: pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa amerithi jeni ya seli mundu, ilhali katika nyanda za juu na maeneo makavu hakufika hata mmoja kwa mia. Palipokuwa na malaria nyingi ndipo palipokuwa na jeni hiyo. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria, na kwa sababu hiyo jeni inayowatesa na kuwaua watoto walioirithi kwa wazazi wote wawili haikutoweka. Baadaye ikabainika kwamba chanzo cha yote ni badiliko la herufi moja tu katika jeni ya himoglobini. Vizazi vya wanafunzi vimefundishwa kisa hicho, na kinastahili. Lakini kimetuachia mazoea: tukiulizwa urithi hubadilikaje, mawazo yetu hukimbilia herufi moja iliyokosewa. Nadai hapa kwamba pwani hii hii, kuanzia Mtwapa kupita Kilifi hadi Malindi, imetoa ushahidi wa historia ya namna nyingine, ambamo mabadiliko makubwa yalitokana na vipande vya DNA vilivyoandikwa mara mbili, mara tatu, hata mara sitini. Sayansi ilichelewa kuiona historia hiyo kwa sababu ilikuwa imejizoeza kuyaruka marudio.

Mazoea hayo nayo yana tarehe zake. Barbara McClintock, akichunguza rangi za punje za mahindi huko Marekani katika miaka ya 1940, aliona kwamba baadhi ya vipande vya kromosomu huhama kutoka mahali hadi mahali; wenzake hawakujua wafanye nini na ugunduzi huo, na Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81. Mwaka 1968 Roy Britten na David Kohne walitenganisha nyuzi mbili za DNA kwa joto, wakaziacha zitafutane upya. Sehemu kubwa ya DNA ya wanyama ilikutana haraka mno, jambo lisilowezekana ila iwapo kila uzi una wenzake wengi unaofanana nao. Kwa hiyo jenomu ilikuwa imejaa nakala. Nakala za nini? Mwaka 1972 Susumu Ohno alitoa jibu lililoshika: nyingi ni taka. Mwaka 1980 Leslie Orgel na Francis Crick wakaongeza kwamba marudio mengi ni kama vimelea ndani ya jenomu, yanajizalisha kwa faida yao wenyewe bila kumfaa anayeyabeba. Lililosahaulika ni kwamba Ohno huyo huyo, miaka miwili kabla ya kutamka neno taka, alikuwa ameandika kitabu kizima kudai kwamba jeni mpya huzaliwa hasa pale jeni ya zamani inapopata nakala ya pili. Alikuwa na nusu mbili za wazo moja, na watu waliomfuata wakachukua nusu iliyo rahisi.

Kuona jinsi nusu hiyo ilivyokuwa na nguvu, tazama uyoga unaoliwa. Mwaka 2010 wanasayansi wa Ufaransa na Italia walichapisha jenomu ya trufi nyeusi, uyoga unaokua chini ya ardhi penye mizizi ya mialoni na kuuzwa kwa bei ya kutisha. Jenomu hiyo ina herufi zipatazo milioni 125, na takriban asilimia 58 yake ni vipande vinavyohama na kujirudia. Miaka miwili baadaye ikachapishwa jenomu ya uyoga mweupe wa kawaida, ule wa masanduku ya sokoni: herufi zipatazo milioni 30 tu. Mtu angetarajia trufi iwe na jeni mara nne zaidi. Kinyume chake, trufi ina jeni kama 7,500, na uyoga mweupe una zaidi ya 10,000. Uzito wote ule wa ziada ni marudio. Kuna hata kuvu wanaoyapiga vita: mwaka 1987 Eric Selker na wenzake walieleza jinsi ukungu uitwao Neurospora, kabla ya kuzaana, unavyokagua DNA yake, ukikuta kipande kilichoandikwa mara mbili unakijaza makosa katika nakala zote mbili hadi kisifae. Ukungu huo umelindika, lakini kwa gharama: karibu haupati tena jeni mpya kwa njia ya kunakili. Kiumbe asingejenga silaha kali namna hiyo dhidi ya kitu kisicho na madhara. Marudio ni hatari, na hatari hiyo ina maana kwamba yana uwezo wa kutenda jambo.

Uwezo wenyewe unatokana na namna kromosomu zinavyolinganishwa wakati mbegu za uzazi zinapotengenezwa. Kromosomu ya baba na ya mama hulazwa bega kwa bega, zikabadilishana vipande. Fikiria mshonaji wa mkeka anayeunga ukili kwa ukili akifuata nakshi: nakshi ikiwa haijirudii, hakosei mahali pa kuungia, nakshi ikijirudia kila pima, anaweza kuteleza kwa pima nzima na mshono ukaonekana sawa kabisa, isipokuwa mwishoni ukili mmoja umebaki mrefu na mwingine mfupi. Ndivyo inavyotokea katika kromosomu ya 16 ya binadamu, mahali zilipo jeni za alfa-globini, nusu moja ya himoglobini yetu. Jeni hizo ni mbili, zimepangana, na zinafanana mno, kwa kuwa ni nakala za jeni moja ya kale. Kila mtu basi hupaswa kuwa nazo nne, mbili kwa kila mzazi. Lakini kwa sababu zinafanana, mlingano huteleza, na kromosomu moja hutoka na jeni moja tu, imepoteza kipande cha herufi zipatazo 3,700, huku mwenzake akitoka na jeni tatu. Hali ya kupungukiwa na jeni hizi huitwa thalasemia ya alfa. Aliyebaki na jeni tatu au mbili huwa na chembe nyekundu ndogo kidogo na damu pungufu kidogo, na wengi huishi maisha yao yote bila kujua.

Mwaka huo huo wa 1949 mwanabiolojia J. B. S. Haldane alikuwa ameandika, kabla ya data yoyote ya maana, kwamba huenda thalasemia imeenea kwa sababu inakinga dhidi ya malaria. Kuthibitisha wazo hilo kulihitaji mahali ambapo watoto wanafuatiliwa tangu kuzaliwa, ambapo hospitali inaandika kila homa na kila degedege, na ambapo maabara iko hatua chache kutoka wodini. Mahali hapo palijengwa Kilifi. Taasisi ya Utafiti wa Kitiba ya Kenya, KEMRI, ilianzishwa mwaka 1979, na mwaka 1989 Kevin Marsh na wenzake, kwa ushirikiano na Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford, walianza kazi katika Hospitali ya Wilaya ya Kilifi. Norbert Peshu alikuwa miongoni mwa walioijenga na kuiongoza. Kuanzia mwaka 2000 wakaazi wa eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali hiyo, wengi wao Wagiriama, Wachonyi na Wakauma, wamekuwa wakihesabiwa nyumba kwa nyumba mara kwa mara: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Kazi hii hutajwa kwa sentensi moja katika ripoti za kisayansi, na kwangu mimi ndiyo kiini. Mashine za kusoma DNA zinanunuliwa popote. Uaminifu wa mama aliyekubali mtoto wake atolewe damu wakati mtoto huyo ni mgonjwa hasa, na subira ya karani anayerudi boma lile lile mwaka baada ya mwaka, havinunuliki.

Hapa mtafiti Thomas Williams alikuja na fumbo lililomfuata kutoka mbali. Mwaka 1996 yeye na wenzake walikuwa wamechapisha matokeo kutoka visiwa vya Vanuatu yaliyoonyesha kwamba watoto wenye thalasemia ya alfa walipata malaria mara nyingi zaidi kuliko wenzao, wala si mara chache. Mwaka uliofuata utafiti wa Papua New Guinea ukaonyesha kinyume: walikingwa na malaria kali. Mwenye shaka angekuwa na haki ya kusema kwamba nadharia ya Haldane imefika mwisho. Kilifi ndiko jambo lilikopata sura. Karibu nusu ya watoto wa pwani hii wana jeni tatu za alfa badala ya nne, na kama mmoja kati ya sita ana mbili tu. Kwa maneno mengine, mwenye jeni zote nne ndiye aliye katika kundi dogo. Mwaka 2005 ulinganisho wa watoto waliolazwa na malaria kali na watoto wazima wa mitaa ile ile ulionyesha kwamba aliyepungukiwa na jeni moja alikuwa na hatari ndogo kwa kama robo, na aliyepungukiwa na mbili kwa zaidi ya thuluthi. Kwa vifo kinga ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 2006 kazi iliyoongozwa na Sammy Wambua ikaongeza jambo lenye kufungua fumbo: thalasemia haipunguzi idadi ya vimelea mwilini, wala haipunguzi homa za kawaida za malaria. Inamzuia mtoto asifikie upungufu mkubwa wa damu unaoua. Kwa hiyo matokeo ya Vanuatu na ya Papua New Guinea hayakuwa yakipingana. Yalipima vitu viwili.

Mwaka 2005 lilitoka pia tokeo ambalo wapenzi wa hadithi nyepesi hawalitaji sana. Seli mundu ya mzazi mmoja hukinga. Thalasemia ya alfa hukinga. Mtoto wa Kilifi aliyerithi zote mbili, seli mundu kwa mzazi mmoja na upungufu wa jeni mbili za alfa, alionekana kurudi karibu pale alipo mtoto asiye na kinga yoyote. Ngao mbili zikikutana zinafutana. Maelezo yanayokubalika ni kwamba alfa ikipungua, himoglobini ya seli mundu inayotengenezwa hupungua pia, na pamoja nayo kinga. Nalitaja kwa sababu linatuzuia kusema kwamba mwili una hekima ya kupanga marudio yake. Hakuna aliyepanga. Palikuwa na utelezi, utelezi huo ukarudiwa katika mababu wengi, na malaria ikachuja waliobaki. Pia huenda linasaidia kueleza kwa nini thalasemia, ingawa ina faida, haikuenea hadi kila mtu akawa nayo.

Huenda msomaji makini ameshashika kalamu kuandika pingamizi. Jeni mbili za alfa, atasema, ni nakala za jeni zenye kazi. Marudio ya trufi ni vipande vihamavyo visivyo na kazi yoyote inayojulikana. Kuyaweka chini ya jina moja ni kuchanganya mambo. Pingamizi hili ni zito. Ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya marudio, katika uyoga na katika binadamu, pengine haina faida kwa mwenye kuyabeba. Jenomu ya kitunguu maji ni kubwa mara kadhaa kuliko yetu na hakuna anayedai kwamba kitunguu kinahitaji maelekezo mengi kutuzidi. Ohno hakukosea kuhusu wingi huo. Dai langu liko kwingine. Sisemi kila rudio lina kazi. Nasema mahali penye marudio ndipo jenomu inapoteleza, na utelezi haumwulizi mtu kama nakala ina jeni ndani yake au la. Kanuni iliyofuta alfa-globini moja katika damu ya mtoto wa Chonyi ni ile ile inayounganisha na kukata vipande vihamavyo vya trufi: vitu viwili vinavyofanana vikipotea njia na kushikana. Anayetaka kutenganisha nakala zenye maana na zisizo na maana kabla ya kuzichunguza atakuwa amerudi pale pale pa kuruka, na gharama ya kuruka tunaijua, kwa sababu ililipwa katika kromosomu ya 4.

Katika kromosomu hiyo kuna vipande vitatu vilivyopangana, kila kimoja cha herufi zipatazo 120,000, vinavyofanana kwa zaidi ya asilimia 95. Vimebeba jeni za glaikoforini, protini za juu ya chembe nyekundu ambazo kimelea cha malaria huzishika kinapoingia. Mwaka 2015 mtandao wa MalariaGEN, uliolinganisha maelfu ya watoto wa Kiafrika wenye malaria kali na wasio nayo, uliona ishara ya kinga jirani na eneo hili, na ishara hiyo ilikuwa na nguvu zaidi katika data ya Kenya, ambayo ilitoka Kilifi. Iliangukia jirani, si ndani, na sababu ni ya kiufundi lakini ina uzito wa kihistoria: vifaa vya kupima herufi moja moja havifanyi kazi vizuri penye nakala, kwa kuwa haviwezi kujua herufi inayosomwa ni ya nakala ipi, hivyo maeneo kama hayo huachwa. Ellen Leffler na wenzake waliamua kuingia humo. Walisoma jenomu nzima za mamia ya watu wa Gambia, Burkina Faso, Kamerun na Tanzania, wakahesabu si herufi bali mara ngapi kila kipande kimejitokeza, na mwaka 2017 wakatangaza walichokuta: mpangilio uliozaliwa kwa mlolongo wa kuteleza na kunakili, wenye jeni mbili za mchanganyiko ambazo nje ni glaikoforini B na ndani ni glaikoforini A. Unapunguza hatari ya malaria kali kwa kama asilimia 40. Ulikuwa umejificha chini ya jina la zamani, kundi la damu liitwalo Dantu, lililojulikana na wataalamu wa benki za damu tangu miaka ya 1980. Katika data yao ulionekana Afrika Mashariki tu, na Kenya ndiko ulikojitokeza zaidi. Afrika Magharibi, penye malaria isiyo na huruma, haukuonekana.

Huenda hii ni sadfa ya takwimu, mtu angesema. Kati ya mamilioni ya herufi, kitu fulani lazima kitaonekana kukinga. Jibu la kwanza lilitoka Kilifi mwaka 2018, pale Carolyne Ndila na wenzake walipopima upya zaidi ya mabadiliko mia moja ya kijeni yaliyowahi kutajwa kuhusiana na malaria. Mengi hayakusimama, ila eneo la glaikoforini lilisimama pamoja na seli mundu na mengine machache. Jibu la pili lilikuwa la darubini. Silvia Kariuki, mwanasayansi Mkenya, na wenzake walichukua damu ya watoto 42 wa Kilifi, wenye Dantu na wasio nayo, wakatazama kwa video vimelea vikijaribu kuingia ndani ya chembe. Ilidhaniwa kwamba Dantu inaondoa tu mlango ambao kimelea hushika. Sivyo ilivyokuwa. Utando wa chembe ya Dantu umekazwa zaidi, na mkazo ukipita kiwango fulani kimelea hushindwa kuupenya, hata katika chembe ya mtu asiye na Dantu. Katika makala yao ya mwaka 2020, walioirithi Dantu kwa wazazi wote wawili walihesabiwa kuwa na kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali. Mwaka 2023 ukafuata ushahidi wa tatu: watu wazima waliojitolea kudungwa vimelea chini ya uangalizi, na wenye Dantu miongoni mwao wakaonekana kuvizuia visizaane mwilini. Takwimu, maabara na mwili wa binadamu vimesema neno moja. Sioni sadfa ikifika hapo.

Hadi sasa nimezungumza kana kwamba marudio yako upande wetu. Adui anayo mengi zaidi. Jenomu ya Plasmodium falciparum, iliyochapishwa Oktoba 2002, ina herufi zipatazo milioni 23 katika kromosomu 14, na ndani yake jeni takriban 60 za ukoo mmoja ziitwazo var. Kila moja hutengeneza toleo lake la protini ambayo kimelea huipandisha juu ya chembe nyekundu ili ijishikize katika mishipa isipitishwe kwenye wengu. Kimelea huvaa toleo moja kwa wakati. Kinga ya mwili ikilijua, kizazi kingine kinavaa jingine. Nyingi kati ya jeni hizi ziko kwenye ncha za kromosomu, penye mifuatano mifupi isiyobeba protini yoyote, inayojirudia kwa maelfu ya herufi. Ndiyo ambayo zamani ingeitwa taka bila mjadala. Lakini mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba ncha hizo hukusanyika mafungu mafungu kwenye ukingo wa kiini cha kimelea, na jeni za var za kromosomu tofauti hulazwa karibu na kubadilishana vipande. Marudio yasiyo na ujumbe ndiyo yanayowakutanisha wenye ujumbe. Madhara yake yalipimwa Kilifi. Mwaka 1998 Peter Bull, Kevin Marsh na wenzao walichukua vimelea vya watoto wagonjwa na damu yao ya kabla ya kuugua, wakaonyesha kwamba kila mtoto aliugua kwa toleo ambalo kingamwili zake hazikuwa bado zimelijua. Mwaka 2009 George Warimwe na wenzake wakaonyesha kwamba aina ya var inayovaliwa hutegemea kinga ambayo mtoto amekwisha kujenga. Mama wa Ganze anayeshangaa kwa nini mwanawe amepona malaria mara nne na kuugua ya tano anauliza swali ambalo jibu lake ni jeni sitini zinazofanana bila kuwa sawa.

Kuna rudio jingine la kimelea ambalo pwani hii imelijua kwa njia ya sindano. Kimelea kinapoingia kutoka kwa mbu kimefunikwa na protini ambayo katikati yake ina viungo vinne vya asidi amino, vile vile, vikijirudia karibu mara arobaini. Jeni yake ilisomwa mwaka 1984, na chanjo iitwayo RTS,S ilijengwa juu yake. Herufi R katika jina hilo inasimamia marudio hayo. Protini ya chanjo hutengenezwa ndani ya hamira, ile inayoumua mkate, kuvu wa ukoo wa mbali na trufi na uyoga. Kwa hiyo kipande kinachojirudia cha kimelea husomwa na kuvu ili kumfundisha mtoto kinga. Majaribio ya watoto wa Kilifi na Korogwe, Tanzania, yaliyochapishwa mwaka 2008, yaliripoti kupungua kwa malaria kwa asilimia 53 katika miezi ya mwanzo. Kilifi ikawa tena miongoni mwa vituo 11 vya jaribio kubwa lililomalizika mwaka 2014. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, na mwaka 2023 likapendekeza R21, nayo ya marudio yale yale, ambayo Kilifi ilishiriki kuijaribu.

Hapa napaswa kukabili ushahidi usiopendelea dai langu. Ufuatiliaji wa miaka 7 wa watoto wa Kilifi, ulioongozwa na Ally Olotu na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kinga ya RTS,S ikififia hadi kubaki kidogo sana. Kabla yake, mwaka 2015, Daniel Neafsey na wenzake walikuwa wamesoma jeni za vimelea vilivyowapata watoto waliochanjwa, wakakuta kwamba idadi ya marudio haikubadili nguvu ya chanjo. Kilichobadili ni tofauti za herufi katika mwisho wa protini hiyo. Mtu angeweza kusema: basi herufi moja imerudi kushinda. Naona matokeo hayo mawili yakisomwa pamoja yana fundisho jingine. Kimelea kimebakiza marudio yale katika kila bara ingawa mwili wa binadamu huyaona na kuyashambulia kwa wingi. Wapo wataalamu wanaodhani hiyo ndiyo kazi yake: kuuvuta mwili utoe kingamwili nyingi za haraka zisizodumu. Ikiwa dhana hiyo ni sahihi, chanjo imefaulu kwa kutumia mtego wa kimelea wenyewe, na kufifia kwake ni sehemu ya mtego huo. Dhana inaweza kuanguka. Lakini haiwezi hata kuulizwa na mtu anayeona marudio kuwa maneno ya kujaza ukurasa.

Swali lililo mezani sasa halihitaji nadharia. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotumiwa katika zahanati nyingi, kuanzia Rabai hadi Magarini, hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2. Hiyo pia imejengwa kwa viungo vinavyojirudia, na ubora wa kipimo unatokana na hilo: protini moja ina sehemu nyingi za kushikwa, kwa hiyo tone dogo la damu latosha. Jeni yake iko karibu na ncha ya kromosomu, katika eneo lile lile linaloteleza, na kimelea kinaweza kuipoteza kikaendelea kuishi. Vimelea vya namna hiyo viligunduliwa Peru mwaka 2010. Mwaka 2016 vilionekana kwa wingi Eritrea, ambako wagonjwa wenye malaria walikuwa wakipimwa na kuambiwa hawana, na baadaye Jibuti na Ethiopia, nchi inayopakana nasi. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ibadilishe kipimo pale upungufu huo unapowafanya zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wa falciparum wapite bila kugunduliwa. Kipimo mbadala kipo. Hutafuta kimeng'enya ambacho kimelea hakiwezi kuishi bila hicho, kwa hiyo jeni yake haipotei hivi hivi. Lakini kimeng'enya hicho hakina marudio, na kwa mgonjwa mwenye vimelea vichache kipimo hicho huona hafifu zaidi. Kaunti za pwani zitakapolazimika kuchagua kati ya hivyo viwili, zitahitaji kujua ni vimelea vingapi hapa vimepoteza jeni hiyo, na hilo litajulikana tu kwa kusoma zile ncha za kromosomu ambazo kwa miaka mingi zilirukwa.